Kuhama Programu ya Usanifu wa Mifumo: Kinachohamishwa Hasa ni Nini?

Miaka ya 1980, jijini New York, kampuni ya Popkin Software ilianza kuuza programu iitwayo System Architect, iliyowasaidia wataalamu kuchora mifumo ya kompyuta ya taasisi na kuona inavyoshikana. Mwaka 2005 kampuni hiyo ikanunuliwa na Telelogic ya Sweden. Mwaka 2008 Telelogic ikamezwa na IBM. Mwanzoni mwa 2016 IBM nayo ikaiuza programu hiyo kwa UNICOM Global. Taasisi iliyoinunua zamani na kutulia nayo muda wote huo ilibadilishiwa muuzaji mara tatu, bila kikao chake hata kimoja kuamua hivyo. Ankara zilianza kuja na nembo nyingine, simu ya msaada ikapokelewa na watu wengine, na ahadi kuhusu toleo lijalo zikaanza upya.

Katika biashara hii kisa hicho si cha ajabu. Alfabet ya Berlin ilinunuliwa na Software AG mwaka 2013. Troux ya Texas iliingia mikononi mwa Planview mwaka 2015. LeanIX, iliyoanzishwa Bonn mwaka 2012, ilinunuliwa na SAP mwaka 2023. Kufikia 2025 Bizzdesign ya Uholanzi, MEGA ya Ufaransa na Alfabet ileile zilikuwa zimeunganishwa. Kwa hiyo swali la kuhama au kutohama mara nyingi humfikia mteja likiwa limeshajibiwa nusu, na watu asiowajua, kwenye meza ya mauzo ya kampuni.

Ndiyo maana sioni faida kubwa katika uchambuzi unaoanza kwa kulinganisha bidhaa: ipi ina ripoti nyingi, ipi inapendeza machoni. Bidhaa zitabadilika na wamiliki watabadilika. Swali lenye uzito ni taasisi inamiliki nini siku inapoondoka. Jibu langu ni kwamba michoro na mafaili ni sehemu ndogo. Kinachohamishwa ni makubaliano: kitu gani tunakihesabu kuwa mfumo, mwenye mfumo ni nani, na tukisema mfumo huu unategemea ule tunamaanisha nini. Taasisi iliyoyaacha makubaliano hayo yakae ndani ya mipangilio ya programu peke yake italipa gharama ya kuanza upya kila inapohama.

Kwa asiyeifahamu fani, tuichukue benki yenye mifumo mia tatu. Mkurugenzi anauliza: hifadhidata ya aina fulani ikiacha kuhudumiwa na mtengenezaji wake mwakani, ni huduma zipi za wateja zitakuwa hatarini? Jibu lipo, ila limetawanyika katika vichwa vya watu na majedwali ya Excel ya idara kadhaa. Kazi ya programu ya usanifu ni kuviunganisha vipande hivyo: shughuli ya biashara, mfumo unaoibeba, data inayopita, seva inayouendesha, mtu anayewajibika. Fikra yenyewe si changa. John Zachman aliandika makala yake maarufu katika jarida la IBM mwaka 1987. Mwaka 1995 likatoka toleo la kwanza la TOGAF, mwongozo unaosimamiwa leo na The Open Group, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya Clinger-Cohen, iliyowabebesha wakuu wa TEHAMA wa idara za serikali kuu jukumu la usanifu wa mifumo. Wauzaji wengi wa programu walifuata nyuma ya sheria na vitabu.

Programu zilizopo zina koo mbili. Ukoo wa kwanza ulizaliwa kwenye ubao wa kuchorea. Humo imo Enterprise Architect ya Sparx Systems, kampuni ya mji mdogo wa Creswick nchini Australia, iliyotoka mwaka 2000 ikitumia UML, lugha ya michoro ya watengenezaji wa programu. Na imo Archi, programu ya bure iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Bolton, Uingereza, mwaka 2010 kwa ajili ya ArchiMate, lugha ya kuchorea usanifu wa taasisi. Ukoo wa pili ulizaliwa kwenye orodha. LeanIX, na kwa namna yake Ardoq ya Oslo, huanza na kumbukumbu ya kila mfumo yenye nafasi za kujaza, kisha picha huzalishwa kutokana na data. Kuhama ndani ya ukoo mmoja ni kazi ya ufundi. Kuvuka kutoka ukoo wa kwanza kwenda wa pili, jambo ambalo taasisi nyingi hutaka siku hizi, ni kazi ya kufikiri upya, na bajeti zinazoiandika kuwa ni ufundi tu ndizo zinazopasuka.

Tuone kwanza kilicho rahisi. ArchiMate ilibuniwa Uholanzi kati ya 2002 na 2004, katika mradi ulioongozwa na Telematica Instituut na kushirikisha benki ya ABN AMRO, mamlaka ya kodi na mfuko wa pensheni wa ABP. The Open Group ilitoa toleo la 1.0 mwaka 2009, na mwaka 2015 ikatoa muundo wa pamoja wa faili kwa ajili ya kubadilishana modeli baina ya programu. Faili hiyo ya XML hubeba vitu, mahusiano yake, na hata michoro pamoja na mahali kila kisanduku kilipokaa. Kwa anayehama kutoka programu moja ya ArchiMate kwenda nyingine, hii ndiyo njia safi kuliko zote, na programu isiyoikubali ingenitia shaka tangu siku ya kwanza.

Hata njia hiyo safi ina mipaka. Haibebi historia ya mabadiliko, haibebi ruhusa za watumiaji, haibebi ripoti. Sifa za ziada, kama tarehe ya kustaafishwa kwa mfumo, mara nyingi hufika zikiwa jina na thamani tu. Tahadhari iliyokuwa ikitumwa kwa meneja tarehe hiyo ikikaribia haifiki. Tena lugha yenyewe haikusimama. Toleo la 3.0 la Juni 2016 liliubadilisha jina uhusiano wa "kutumiwa na" ukawa "kuhudumia", likayapa majina mapya baadhi ya mambo ya miundombinu, na likaongeza tabaka la mkakati ambamo "uwezo wa taasisi" ulipata alama yake rasmi. Kabla ya hapo, waliotaka kuonyesha uwezo walilazimika kuazima alama nyingine, kwa kawaida ile ya kazi za biashara, na kuiwekea rangi au lebo ya kwao. Mashine inayosoma faili ya zamani huona kazi za biashara mia mbili. Zipi kati ya hizo ni kazi kweli, na zipi zilikuwa uwezo uliovaa nguo ya kuazima, anajua aliyechora. Naye huenda alishaacha kazi.

Sparx inatoa somo la aina nyingine. Modeli yake hukaa ndani ya hifadhidata ya kawaida, na mwenye kujua SQL anaweza kuifungua na kusoma jedwali la t_object lenye vitu, t_connector lenye mahusiano, t_diagram lenye michoro, kila mstari ukiwa na kitambulisho chake katika safu ya ea_guid. Kwa upande huu ni programu iliyo wazi kuliko nyingi zenye sura ya kisasa. Lakini uwazi huo haumkingi mteja na kila kitu. Kwa miaka mingi faili yake ya kawaida, .eap, iliendeshwa na Jet, injini ya zama za Microsoft Access. Toleo la 16 lilipotoka mwaka 2022 likiwa pia na namna ya biti 64, Jet haikuweza kuja na namna hiyo, na faili mpya zikawa za .qea zinazotumia SQLite. Aliyeitaka biti 64 alibaki kwa muuzaji yuleyule, na bado alilazimika kuhama: kugeuza faili, kupitia maswali ya SQL yaliyoandikwa kwa lahaja ya Access, kupima upya kila ripoti. Wanaosema "sisi hatuhami" husahau uhamaji wa namna hii.

Archi nayo hutoa majedwali matatu ya CSV: vitu, mahusiano, na sifa. Michoro haimo. Wengi hulalamika. Mimi naona majedwali hayo matatu yanaonyesha kwa uaminifu kilicho na thamani ya kudumu. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilielekea huko mapema: toleo la 2.0 la mwongozo wake wa DoDAF, la mwaka 2009, liliacha kutanguliza orodha ya michoro ya lazima na kuweka data mbele, picha ikichorwa kulingana na swali linaloulizwa. Kwenye taasisi nyingi michoro ilichorwa kwa ajili ya kikao, kikao kikaisha, na mchoro ukabaki ghalani ukihesabiwa kuwa mali. Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo: michoro mingi isihamishwe. Ile iliyoambatishwa kwenye mkataba, iliyoidhinishwa na bodi au itakayoulizwa na mkaguzi itolewe kama PDF na kuhifadhiwa pamoja na tarehe yake. Iliyobaki iachwe. Anayeuhitaji mmojawapo atajitokeza, nao utachorwa upya kutoka kwenye data iliyo hai.

Sasa tufike penye ugumu. Tuseme benki yetu inatoka Sparx kwenda LeanIX. Upande wa zamani kuna kitu kinaitwa Mfumo wa Mikopo, kimechorwa mara tano: ukiwa wa majaribio, ukiwa kazini, ukiwa sehemu ya mfumo mkuu wa benki, ukiwa ndani ya simu, na mara moja kwa jina la zamani la kampuni iliyoutengeneza. Upande mpya unataka kumbukumbu moja kwa kila mfumo. Je, hivi vitano ni kimoja? Programu ya simu ihesabiwe peke yake? Moduli ya mfumo mkubwa ni mfumo, au ni uso wa mfumo? Na lile jedwali la Excel lenye makro, ambalo idara ya hazina hufungia mahesabu kila jioni, ni mfumo au si mfumo? Hakuna skripti itakayojibu. Watajibu watu wa biashara na wa TEHAMA wakiwa chumba kimoja, na jibu lao litabadilisha idadi ya mifumo ambayo mkurugenzi amekuwa akiitaja mbele ya bodi kwa miaka. Hapo ndipo kazi huanza kuwa ya siasa, na mradi usio na kiongozi mwenye mamlaka ya kukata shauri hukwama.

Mahusiano ni magumu kuliko vitu. Ukoo wa kuchora huruhusu mstari kati ya karibu chochote na chochote, na wachoraji waliutumia uhuru huo. Mshale mmoja unamaanisha data inapita, mwingine unamaanisha huyu humwita yule, wa tatu uliwekwa kwa sababu visanduku vilionekana vipweke. Ukoo wa orodha una aina chache za mahusiano zilizopangwa tangu mwanzo. Kila mshale unapaswa kuulizwa unamaanisha nini kabla ya kupewa nafasi, na mshale usio na jibu unafaa kubaki nyuma. Halafu kuna nafasi tupu: LeanIX hufuatilia maisha ya mfumo kwa hatua zenye tarehe, kuanzia kupangwa, kuingizwa kazini, kutumika, kuondolewa polepole, hadi mwisho. Ghala la zamani lilikuwa na neno moja tu, "Unatumika." Tarehe hizo hazimo ghalani humo ili zihamishwe. Zitatafutwa kwenye mikataba, kwenye barua za ununuzi, kwa watu. Muuzaji anayeahidi kuwa data zitapakiwa kwa siku chache husema kweli kuhusu kupakia.

Kuna jambo dogo linalosahauliwa hadi linapouma, nalo ni vitambulisho. Kila programu hukipa kila kitu namba yake ya ndani. Namba ya zamani ikitupwa siku ya kuhama, upakiaji wa pili utakaofanyika kusahihisha makosa ya ule wa kwanza utazaa nakala mbili za kila kitu, maana hakuna cha kulinganishia. Viungo vilivyo kwenye nyaraka za miradi navyo hukatika, na dawati la msaada, lililokuwa likiutambua mfumo kwa namba hiyo, hubaki gizani. Dawa yake ni rahisi: namba ya zamani iingizwe kama sifa ya kawaida kwenye programu mpya, na ikae hapo miaka. Bora zaidi ni taasisi kuwa na namba zake yenyewe, zisizotolewa na programu yoyote. Kama kungekuwa na jambo moja tu la kufanya mwaka huu kwa ajili ya uhamaji wa miaka mitano ijayo, ningechagua hilo.

Uzito mwingine umejificha kwenye ripoti. Msanifu anajua ripoti anazozitumia yeye. Hajui kwamba mtu wa fedha hupokea kila mwezi orodha ya leseni iliyotengenezwa na skripti ya mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo na kuondoka. Orodha hiyo ikikoma kufika, ndipo taasisi itajua kuwa programu ya usanifu ilikuwa na mteja mwingine. Kumbukumbu za nani amefungua ripoti ipi, kama zipo, zisomwe kabla ya mkataba mpya kusainiwa.

Lakini kwa nini kuhama? Sababu za kweli zipo: bidhaa imesitishwa, bei ya leseni imepanda kupita manufaa, watu kumi hawawezi kufanya kazi pamoja bila kufutiana, au hakuna API ya kupokea data kutoka mifumo mingine. Mteja wa LeanIX asiyetumia bidhaa nyingine za SAP ana haki ya kujiuliza maendeleo yajayo yatampendelea nani, ingawa swali si ushahidi. Sababu ya uongo, ambayo ndiyo huvaa suti na kwenda kuombewa bajeti, ni kwamba data za programu ya sasa zimechakaa. Data huchakaa kwa sababu hakuna mtu ambaye kazi yake inaharibika zisipokuwa sahihi. Programu mpya itang'aa kwa mwaka mmoja, kwa nguvu ya mradi, kisha itachakaa kwa kasi ileile. Tiba ni kuifunga data kwenye tukio lisilokwepeka: ununuzi wowote wa programu usilipwe kabla kumbukumbu ya mfumo haijawekwa, mabadiliko yasiingie kazini kabla mwenye mfumo hajathibitisha. Taasisi inayoweza kufanya hivyo kwenye programu ya zamani huenda ikagundua haina haja ya kuhama.

Kuendesha programu mbili sambamba husifiwa kama tahadhari. Katika fani hii naona ni mtego. Kusasisha sehemu moja tayari ni shida. Sehemu mbili zitatofautiana ndani ya wiki chache, na ubishi utakuwa ipi ni ya kweli. Afadhali kutangaza siku ya kufunga, kuiacha ya zamani isomwe tu bila kuandikwa, na kuilipia leseni chache hadi mzunguko mmoja wa ukaguzi upite.

Sheria nayo imeanza kuingia katika suala la kuhama. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 12 Septemba 2025, inawabana watoa huduma za wingu: notisi ya kuhama isizidi miezi miwili, kipindi cha mpito kwa kawaida kisizidi siku 30, mteja apate angalau siku nyingine 30 za kuchukua data zake, na kuanzia 12 Januari 2027 ada za kuhama zisitozwe. Ni ushindi, na unahusu programu nyingi za usanifu kwa kuwa siku hizi zinauzwa kama huduma ya wingu. Lakini sheria humpa mteja data zake. Ubunifu wa mtoa huduma na siri zake za biashara hubaki vyake. Ukipokea faili lenye mistari elfu arobaini bila maelezo ya kila safu inamaanisha nini, huenda sheria imetekelezwa nawe bado huna usanifu.

Afrika Mashariki hatuna kinga ya moja kwa moja ya namna hiyo, ila hoja inatuhusu. Tanzania ina Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019, iliyoipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) jukumu la kusimamia viwango vya mifumo ya umma. Kenya ina Mamlaka ya TEHAMA yenye viwango vyake vya usanifu wa mifumo ya serikali. Taasisi zinazotakiwa kuonyesha usanifu wao zitanunua programu, nyingi kwa dola, na siku moja zitataka kuzihama. Kinga yao itabidi iandikwe kwenye mkataba wa ununuzi: muundo wa faili zitakazotolewa, maelezo ya kila safu, muda, na bei ya kuondoka ikiwa imetajwa siku ya kuingia.

Katika kuhama pia pana hatari ambayo huwa haitajwi. Ghala la usanifu likikamilika ni ramani ya taasisi nzima: mfumo upi uko kwenye seva ipi, toleo lipi limepitwa na wakati, kipi kikianguka kinaangusha vingine. Wakati wa kuhama ramani hiyo hugeuzwa kuwa mafaili ya Excel yanayozunguka kwenye barua pepe kati ya mshauri, muuzaji na wafanyakazi, na baadhi yake hubaki kwenye kompyuta za watu baada ya kazi kuisha. Mwizi wa mtandaoni angelipa kuipata. Mafaili ya uhamaji yapewe ulinzi uleule wa nenosiri za seva, na mkataba wa mshauri utaje siku ya kuyafuta.

Aliye mezani na wauzaji watatu leo ana jaribio moja linalomfaa kuliko maonyesho yao yote. Achukue kipande cha data zake halisi, chenye uchafu wake, mifumo hamsini hivi pamoja na mahusiano, na amtake kila muuzaji aipakie. Kisha amtake aitoe yote tena, siku hiyohiyo, kwa mafaili ya kawaida yanayofunguka bila programu yake, na wakae walinganishe: vitu vimerudi vingapi, mahusiano mangapi yamebadilika aina, namba za zamani zimo au hazimo, tarehe zimerudi kama tarehe au kama maandishi. Muuzaji anayesema hatua hiyo ya pili itashughulikiwa baadaye na timu nyingine, aandikwe hivyo kwenye ripoti ya tathmini.